Mtambo wa Upande wa Kushoto

Sang Branch, Tennessee
16 Januari 1978

Mwanangu Orpha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wa mumeo Lowell umepata nafuu tangu atoke hospitali. Sisi huku tumo chini ya theluji kwa siku ya tisa. Nyonga ya Vesta haimruhusu tena kupanda ngazi, hivyo nimekihamishia kitanda chetu karibu na jiko, na nyumba nzima inanuka maharagwe na dawa ya kuchua. Jirani yetu Coy hutuletea kuni. Jana alisimama mlangoni akanitazama nikipima unga wa mahindi, akasema, "Mwalimu, miaka arobaini umefundisha watoto hesabu, leo unahesabiwa vijiko na mkeo." Vesta akamjibu kutoka kitandani, "Na bado anakosea."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tangu tumzike baba yako mwezi Oktoba nimekuwa nikipanga vitu vya karakana yake, kidogo kidogo, kadiri baridi inavyoniruhusu. Katika wosia alikuachia wewe bunduki moja ya gumegume ambayo hakuimaliza. Mtutu ni wa inchi arobaini na mbili, nao umelala ndani ya mbao bila nafasi ya kupitisha karatasi. Kitako ni cha mbao ngumu ya mti wa sukari, yenye nyuzi za mawimbi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisichokuwepo ni mtambo: lile bamba la ubavuni lenye nyundo, jiwe na kisahani cha baruti, ambalo pasipo hilo bunduki ni fimbo tu iliyochongwa vizuri.

Wakati wa Krismasi uliniomba niimalize. Nitaimaliza; ufundi huu naujua, ingawa niliishia darasani. Lakini mtambo huchaguliwa kwanza, kwa sababu mengine yote yanaufuata: mahali pa kutoboa tundu la moto, mahali pa kifyatulio, hata unene wa mbao pale mkono unaposhika. Bunduki za milima yetu, za miaka ya 1820 hivi, zilivaa mtambo mdogo wa mtindo wa Kiingereza, mwembamba, usio na mapambo. Huo ndio ninaoupendekeza. Upo dukani, na unaweza kunifikia kabla ya Pasaka. Kitako kina kasoro mbili ambazo itanibidi niziparaze kwanza, lakini usijisumbue nazo. Ni kazi ya patasi ya siku moja.

Nangoja ruhusa yako.

Baba yako mdogo,
Verlin Buckner


Dayton, Ohio
5 Februari 1978

Baba mdogo, shikamoo.

Nimeipokea barua yako, na nimefurahi kwamba mama mdogo bado ana ulimi wake hata kama nyonga imemwacha. Lowell sasa anaweza kukaa kitini kwa saa nzima. Mimi niko zamu ya pili kiwandani, ileile. Beringi elfu mbili hupita mbele yangu kila siku, na kazi yangu ni kukataa zile zilizozidi au kupungua kwa unene wa unywele. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Nikifika nyumbani sina nguvu ya kukubali wala kukataa kitu kingine chochote.

Kuhusu mitambo sijui lolote. Baba hakunifundisha kupiga bunduki. Alisema mikono yangu imeshasumbuliwa vya kutosha. Wewe unajua zaidi, na ningekuandikia "sawa" nikalala.

Lakini umeandika maneno mawili ambayo siwezi kuyapitisha. Umesema "kasoro mbili". Kazini mtu akiniletea karatasi yenye maneno hayo bila kuzitaja kasoro, namrudishia. Ni zipi? Ziko upande gani, na zina kipimo gani? Nilimwona baba akichoma jikoni kitako kizima kwa sababu ya kosa ambalo mimi sikuweza kuliona hata aliponionyesha. Sielewi mtu huyo aliacha vipi kasoro mbili katika kitako kimoja.

Mwanao,
Orpha


Sang Branch
27 Februari 1978

Mwanangu Orpha,

Marahaba. Theluji imeyeyuka na barabara imekuwa uji. Vesta ameanza kutembea na fimbo, na tayari amenigonga nayo mara moja, kwa bahati mbaya kama anavyodai.

Umeuliza kwa utaratibu, nami nakujibu kwa utaratibu.

Kasoro ya kwanza ni ya urefu. Ubavuni mwa kitako huachwa uso bapa ambamo mtambo hutumbukizwa. Baba yako aliuacha ukiwa na inchi tano na robo tatu, ilhali bamba la mtambo wa Kiingereza halifiki inchi tano. Mtambo mdogo katika uso ule utaonekana kama mtoto aliyevaa koti la babu yake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mtu anayelenga kwa bega la kulia hulaza shavu upande wa kushoto wa kitako, na hapo fundi humchongea mto wa shavu. Mtambo hukaa upande wa kulia, mbali na uso, kwa sababu baruti ya kisahani ikiwaka hutema moto pembeni. Baba yako ameuchonga mto wa shavu upande wa kulia. Tundu la kuwekea mafuta ya kulainisha risasi, ambalo huwa kulia, amelitoboa kushoto. Kila kitu kimegeuka, kama bunduki inayotazamwa kwenye kioo.

Nimelifikiria jambo hili bila haraka, na nimehitimisha kwamba ni kosa la mkono wa mgonjwa. Hukuwa hapa mwaka jana. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini mimi nilikuwa hapa. Kuanzia Aprili alivaa shati nje ndani. Aliniita Hobart, jina la kaka yetu aliyekufa 1931. Siku moja nilimkuta amevaa viatu kinyume, kulia kushoto, akasema, "Vinabana, lakini mwalimu amesema vitazoea." Nami nilipiga magoti nikamvua. Mtu wa hali hiyo anaweza kuchonga mto wa shavu upande wowote. Katika ukoo wetu hakuna mashoto, kwa hiyo hakuna mtu ambaye bunduki hii, kama ilivyo, ingeweza kuwa yake.

Nitaparaza mto huo, nitaziba tundu, nitapunguza uso wa mtambo. Itakuwa bunduki isiyo na mto wa shavu, kama zilivyokuwa nyingi za watu wasio na kitu. Si aibu. Niandikie sawa, niagize mtambo.

Baba yako mdogo,
Verlin


Dayton
9 Aprili 1978

Baba mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeianza barua hii mara nne. Lowell amerudi kazini kwa nusu siku, na binti wa jirani ameolewa. Hizo ndizo habari.

Umeandika kwamba katika ukoo wetu hakuna mashoto. Alikuwepo mmoja, mpaka mwezi Oktoba 1938. Alikuwa na miaka sita, na alikaa dawati la tatu kutoka mlangoni. Mwalimu wake unamfahamu. Sitaongeza neno juu ya hilo, kwa sababu umemvua baba viatu na mimi sikumvua.

Nitakuambia jambo jingine ambalo lina tarehe. Mwezi Februari 1976, siku ya Jumapili, baba alinipigia simu. Unajua hakuwa mtu wa simu. Hakuuliza hali yangu. Alisema, "Orpha, ukitunga uzi kwenye sindano, unafumba jicho gani?"

Nikamwambia, "La kulia. Kwani vipi?"

"Una uhakika?"

"Baba, umenipigia kutoka Tennessee kuniuliza habari za sindano?"

"Jibu ulichoulizwa, binti. Mimi ni mzee, naweza kufa ukiwa bado unabisha."

"La kulia, baba. Nafumba la kulia, natazama kwa la kushoto. Siku zote."

Kisha akasema, "Haya. Msalimie Lowell," akakata.

Nilicheka siku ile. Nilimsimulia Lowell kama kichekesho. Februari 1976 alikuwa bado anaendesha gari mwenyewe mpaka mjini, na alikuwa hajamwita mtu yeyote Hobart. Miezi kumi na minne ilibaki kabla ya shati la nje ndani.

Usiparaze kitu.

Orpha


Sang Branch
30 Aprili 1978

Mwanangu Orpha,

Marahaba. Vitunguu vya porini vimechipua na Coy ametuletea kapu zima. Vesta amevikaanga na mayai, na kwa siku tatu hakuna mtu wa kanisani aliyethubutu kukaa karibu nasi. Mwezi ujao tutasafisha makaburi. Kaburi la baba yako limetitia upande mmoja, nitalijaza.

Kuhusu dawati la tatu nitasema tu kwamba nilifuata ilivyokuwa desturi. Kalamu zilikuwa za wino, na mkono wa kushoto ulifuta kila ulichokiandika. Ulitoka shuleni kwangu na mwandiko ambao hauna mfano katika bonde hili. Mwandiko huo ulikupatia kazi.

Kuhusu simu, ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa mtu aliyeuliza swali. Hausemi alichokifanya na jibu. Mzee anaweza kuuliza habari za sindano kwa sababu mia.

Hata hivyo sitaki kushinda kwa hoja tu. Mafundi wa bunduki wana kipimo cha zamani, nacho hakibishani na mtu. Nyoosha mikono yako mbele, kutanisha viganja ubakize tundu dogo katikati, na kwa macho yote mawili tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo. Kisha fumba jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo bwana. Ndilo litakalolenga, mkono upende usipende. Fanya mara ishirini, uandike matokeo. Kutunga uzi ni mazoea. Hiki ni kipimo.

Jicho lako likiwa la kulia, tutakuwa tumemaliza, na naomba mambo haya yasirudi. Likiwa la kushoto, fahamu unachokitaka. Mtambo wa kushoto haupo dukani. Namjua fundi mmoja tu, Pennsylvania, anayeutengeneza, kwa agizo, tena wa mtindo mmoja tu: ule mkubwa wa Kijerumani, uliotangulia bunduki zetu kwa miaka hamsini. Bunduki ya milimani yenye mtambo huo ni kama mchungaji aliyepanda mimbarini na kofia ya askari. Kila mjuzi atakayeiona atacheka. Na agizo humchukua miezi ishirini. Nina miaka sabini na tatu, Orpha. Nimechoka, na sipendi kuhesabu miezi ishirini.

Baba yako mdogo,
Verlin


Dayton
18 Juni 1978

Baba mdogo, shikamoo.

Sote wazima. Joto limeingia, na kiwandani feni zimekufa.

Kipimo chako nimekifanya Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama dirishani. Kitu cha mbali kilikuwa bomba la moshi la duka la mikate, kama hatua mia mbili. Lowell alikaa nyuma yangu na karatasi akiweka alama. Nilipofika mara ya kumi alisema, "Mke wangu, hata ukisimama kwa kichwa ni lilelile." Nikamwambia aendelee kuandika. Mara ishirini: la kushoto, ishirini.

Mkono ulifundishika. Jicho hakuna aliyelichapa, kwa hiyo halikujifunza.

Sasa nami nina swali. Watu wasiojua muda wa agizo husema mwaka na ushee, au karibu miaka miwili. Wewe umesema miezi ishirini. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyeona tarehe mbili na kutoa moja katika nyingine. Ni tarehe zipi?

Orpha


Sang Branch
3 Septemba 1978

Mwanangu Orpha,

Barua yako imekaa juu ya rafu ya saa kwa wiki kumi. Vesta alikuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi bila kusema kitu, na si tabia yake. Wiki hii akasema.

"Bado hujamjibu mtoto?"

"Natafuta maneno."

"Maneno unayo tangu Novemba. Unatafuta mlango wa nyuma."

Tarehe ya kwanza ni 8 Machi 1976. Ya pili ni 11 Novemba 1977. Siku hiyo, mwezi mmoja baada ya mazishi, postamasta aliniletea sanduku lenye jina la baba yako. Ndani mlikuwa na mtambo wa upande wa kushoto, wa mtindo wa Kijerumani, pamoja na hati yenye tarehe ya agizo. Siku iliyofuata nililifunga tena na kulirudisha kwa fundi, na barua fupi inayosema kwamba marehemu alikuwa amerukwa na akili na kwamba agizo lilikuwa kosa.

Nilitaka kukuandikia kwamba niliamini hivyo. Nimejaribu sentensi hiyo kwa namna nyingi na haisimami. Mtambo wa kushoto hauwezi kuagizwa kwa kukosea. Ni lazima uuombe kwa jina lake, na uungoje. Nilijua nilipofungua sanduku. Kitako chenyewe nilikuwa nimekiona tayari. Nilichagua kutojua, nami ni mtu ambaye maisha yake yote aliwaadhibu watoto kwa jambo hilo.

Sababu ni hii, na sitaipamba. Mwaka 1938, wiki ile mkono wako wa kulia ulipoandika jina lako kamili kwa mara ya kwanza, nilishuka karakanani kumwambia baba yako kwamba nimekurekebisha. Alikuwa akipiga randa. Alisema, "Wewe ndiye uliyesoma," akaendelea na randa. Nililichukua kuwa shukrani. Tukaishi mlango kwa mlango miaka thelathini na tisa zaidi, tukala pamoja kila Jumapili, na hakulitaja tena. Ikiwa mtambo ule haukuwa kosa, basi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikila mezani kwa mtu aliyekuwa na kesi juu yangu na hakuisoma. Nilipendelea awe amerukwa na akili.

Mwezi Julai nilimwandikia yule fundi. Mtambo alikuwa nao bado. Mitambo ya kushoto haina wanunuzi. Ameurudisha, na ndani ya sanduku ameweka barua ya baba yako aliyoituma pamoja na agizo, akisema kwamba ingekuwa vyema ningeuliza kabla ya kusema kaka yangu ni kichaa. Nakunakilia yote, kwa kuwa ni fupi:

"Bwana fundi, nataka mtambo wa kushoto, ule mkubwa, najua haufanani na bunduki zetu lakini ndio uliopo. Ni wa binti yangu. Yeye ni mashoto. Mdogo wangu ni mwalimu na anaweza kukuambia kwamba si mashoto. Usimsikilize. A. Buckner."

Nimepima bamba lake. Ni inchi tano na robo tatu kamili. Kitako hakikuwa na kasoro hata moja.

Mtambo uko mezani mbele yangu. Sitaugusa pasipo neno lako. Ukitaka kazi hii apewe fundi mwingine, yuko mmoja mzuri huko Kentucky, na nitampelekea mwenyewe.

Verlin


Dayton
24 Septemba 1978

Baba mdogo,

Msalimie mama mdogo. Mwambie nimeipata barua, na kwamba najua ni nani aliyeifikisha posta.

Sitakuambia kwamba si kitu. Ni kitu. Kila siku, zamu inapofika saa yake ya saba na mwili umechoka kunilinda, mkono wangu wa kushoto hunyanyuka wenyewe kuichukua beringi. Huwa nauona ukiwa tayari hewani. Naurudisha mapajani, halafu natazama kama kuna aliyeniona. Nina miaka arobaini na sita. Hakuna mtu katika kiwanda kile anayejali natumia mkono gani.

Nimeisoma barua ya baba kwa Lowell. Alisema, "Mzee wako angeweza kukuambia haya kwa simu ileile." Ni kweli. Angeweza pia kukuambia wewe, mwaka 1938, akiweka randa chini. Mlikuwa ndugu wawili, mmoja alitenda na mwingine akakaa kimya, na aliyekaa kimya amenichongea bunduki. Nina hasira na wote wawili, ila mmoja wenu siwezi kumwandikia.

Weka mtambo ule. Uuweke wewe, si mtu wa Kentucky. Wajuzi wakicheka, waache wacheke.

Na uijaribu. Najua ninyi mafundi hamtoi bunduki ambayo hamjaipiga wenyewe. Sitaki kuletewa kitu ambacho hakijapimwa.

Orpha


Sang Branch
12 Novemba 1978

Mwanangu Orpha,

Vesta anakusalimu. Anatembea mpaka kisanduku cha barua na kurudi, na anasema fimbo sasa ni ya mapambo. Majani yameisha, na Coy amechinja nguruwe; mafuta tumepewa zaidi ya haki yetu.

Bunduki imekwisha. Kuutumbukiza mtambo kulinichukua siku kumi na moja. Bamba hupakwa masizi ya mshumaa, hukandamizwa kwenye mbao, na pale penye doa jeusi ndipo patasi inapopita. Macho yangu hayaoni tena doa dogo, hivyo Vesta alikaa kando akionyesha kwa sindano yake ya kufumia. "Hapo. Si hapo, hapo. Ulifundishaje watu wewe?" Kamani inayosukuma nyundo ina nguvu inayofaa. Nimefyatua mara ishirini pasipo baruti, na mara kumi na tisa cheche zimeanguka ndani ya kisahani. Mara ile moja jiwe lilikuwa limelegea, nimelikaza.

Ama kuhusu kuijaribu. Coy alisema, "Mpwa wangu ni mashoto, nimwite aipige, umalize?" Nikamwambia hapana, bunduki hujaribiwa na aliyeiunda. Siku ya Alhamisi, saa sita mchana, tulisimamisha ubao chini ya kilima, hatua thelathini kutoka uzioni. Niliiweka begani kushoto. Sikujua vidole viende wapi. Shavu lilitafuta upande usiokuwepo. Nilipofyatua nilifumba macho yote mawili, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa mtoto, na risasi ikaenda kilimani.

"Mwalimu," alisema Coy, "ubao uko kule."

Nilipiga mara kumi na nne. Tatu zilikuwa ubaoni, na hakuna iliyokaribia nyingine. Kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba inawaka bila kuchelewa, kwamba moto wa kisahani huenda kushoto, mbali na uso, na kwamba mtutu ni mzima. Kama inalenga sawa, sina uwezo wa kusema. Kilengeo cha nyuma nimekiacha bila kukikaza katika mfereji wake. Atakikaza mtu ambaye jicho lake ni la upande huo, akiwa amesimama papa hapa uzioni, siku atakayotaka, au asitake.

Kuna jambo moja zaidi, nami nalisema kwa sababu ulitaka vipimo. Kufikia saa nane vidole vilikuwa bado vikirudi upande wa kulia. Nilijua kila kanuni, na mkono haukutii hata moja. Coy aliponirekebisha kiwiko mara ya tano, kwa upole kabisa, nilimfokea. Hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yangu na rula. Hakuna aliyenifunga mkono mwingine kwenye kiti. Hata hivyo ilipofika saa tisa nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi ni mtu mzima niliiweka bunduki chini nikaenda nyumbani.

Wewe ulikuwa na miaka sita, na sikukuruhusu kutoka.

Baba yako mdogo,
Verlin